Harusi ya Kwanza Nyuma ya Kamera

Kijana akinunua kamera jijini Dar es Salaam, haichukui muda kabla ndugu hawajaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Binamu anaoa, kamati ya harusi imebanwa na bajeti, na mpiga picha mwenye jina anataja bei isiyotajika mbele ya wajumbe. "Si una kamera wewe?" Basi, kazi imeshapatikana.

Kamera ndiyo anayoihofia, lakini kinachomwangusha mara nyingi ni ratiba. Aliyejifunzia kwa marafiki ufukweni Coco amezoea kusema "rudia". Kanisani harudii mtu. Pete huvishwa kwa sekunde chache, na asiyejua mchungaji atasimama upande gani atarudi nyumbani na picha safi kabisa ya mgongo wa mpambe. Ndiyo maana wazoefu huenda kanisani siku ya mazoezi, wakauliza mahali pa kusimama na kama flashi inaruhusiwa, kwa kuwa wapo viongozi wa dini wasioitaka kabisa wakati wa ibada.

Pwani kuna la ziada. Ndoa ya Kiislamu hufungwa mbele ya walii na mashahidi, na mara nyingi bibi harusi yuko chumba kingine au hata nyumba nyingine. Mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili, anahitaji mwenzake. Tena Zanzibar na Mombasa kuna sherehe za wanawake peke yao, ambazo mwanamume haingii na wakati mwingine hata simu huachwa mlangoni. Binti anayejua kushika kamera ana soko huko ambalo kaka yake hatalipata kamwe, ila naye lazima aulize mapema nani apigwe, nani asipigwe, na picha zitafika kwa nani.

Wazee wa kazi hii hawakukimbizana hivi. Studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilikuwa na taa zake, kiti chake na mteja aliyekuja mwenyewe akatulia. Filamu ya kawaida ya milimita 35 ilikuwa na picha 36, kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo kadi moja hubeba maelfu ya picha, na anayeanza hubonyeza mfululizo, kisha hulala macho wiki nzima akichambua picha za keki ileile.

Mwanga nao una vituko vyake. Kipimo cha kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga, na gauni la bei mbaya hutoka kama limefuliwa kwa maji ya mtoni, huku uso wa bibi harusi mweusi ukipotelea gizani. Dawa ni kupima mwanga usoni, au kuongeza kidogo kwa kitufe cha + na −. Saa za mchana jua la utosini huchimba vivuli machoni. Kivuli cha mwembe kinatosha kuokoa picha. Na anayengoja mwanga wa jioni asizubae: Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, na giza huingia haraka.

Ukumbini ndiko mtihani wenyewe. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18-55, ikivutwa hadi mwisho kwa kawaida hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Flashi ikielekezwa kwenye dari nyeupe, mwanga hurudi umelainika. Lakini dari za kumbi nyingi hufunikwa vitambaa vya rangi ya harusi, na mwanga uliogonga kitambaa cha zambarau hurudi na zambarau yake usoni mwa mama mkwe. Halafu kuna taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera ikiwa na kasi kubwa mno, picha hutoka na mistari ya giza. Kushuka hadi 1/100 au 1/50 husaidia, japo wanaoserebuka watatoka na ukungu kidogo.

Mtu wa kufanya naye urafiki ukumbini ni MC. Akishaita watu kwenye keki, simu hujaa mbele na mpiga picha hubaki akitazama visogo. MC aliyeombwa mapema husubiri ishara kabla kisu hakijashuka.

Kadi za kumbukumbu zisifutwe hadi picha ziwe zimenakiliwa sehemu mbili tofauti na wenyewe wamekabidhiwa. Kuzitundika mtandaoni ni jambo jingine: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Ruhusa iandikwe kwenye mkataba, pamoja na malipo ya awali na tarehe ya kukabidhi kazi, hata kama mteja ni binamu.

Na nyie wanakamati mnaompa kijana kazi hii, mpeni ratiba siku kadhaa kabla, mpeni mtu mmoja wa ukoo anayemjua kila shangazi ili wa kupigwa wakusanyike kwa wakati, na mwekeeni sahani yake ya pilau. Naye atakuwa amesimama tangu asubuhi.