Namba ya memba inaruka, inarudia ao inakwama: tufanye nini?

Koperative nyingi za kahawa na kakao zinaacha kaye na kuandika memba ndani ya ordinatere. Kila memba anapewa namba, na ordinatere yenyewe ndiyo inahesabu: 1, 2, 3, na kuendelea. Kilo zako zote kwenye balanse zinafungwa kwa namba hiyo, hapana kwa jina, kwa sababu majina yanafanana. Namba ikiharibika, feza yako inaweza kwenda kwa mwingine. Basi hata mkulima asiyegusa ordinatere ajue mambo haya mane.

1. Namba imeruka. Nyuma ya memba wa 41 anakuja wa 43. Musiogope, hakuna aliyeibiwa. Kazi ya kumwandika mtu ikikatika katikati, namba 42 imekwisha kutoka, hairudi. Namba ni ya kutenganisha watu. Mukitaka kujua memba ni wangapi, ordinatere ihesabu mistari. Musijaze nafasi ile kwa mkono.

2. Namba imerudia. Hapa ndipo kuna hatari. Mbele ya MySQL 8.0, iliyotoka mwaka wa 2018, programu hiyo ilichunga hesabu katika kumbukumbu ya muda tu. Tuseme mumefuta memba wa mwisho, wa 120, kisha umeme unakatika, jambo tunalolijua sana hapa Saio. Ikiwaka tena, mashine inaona namba kubwa iliyobaki ni 119, na memba mpya anapewa 120. Kama kilo za yule wa zamani zilibakia, sasa zinaonekana kuwa za huyu mpya. Dawa: memba akitoka, musimfute. Muandike "ametoka" na tarehe.

3. Ordinatere inasema namba iko tayari. Hii inatokea sana mukiingiza liste ya Excel yenye namba zake ndani ya PostgreSQL. Memba 300 wameingia, lakini kihesabio hakikuona kitu, kinaanza tena na 1. Teknisie akipandishe mpaka namba kubwa iliyo ndani. Amri yake inaitwa setval.

4. Imekwama kwa 127. Aliyetengeneza tablo alichagua nafasi ndogo, TINYINT, na mwisho wake ni 127. Kama debe lililojaa, haipokei tena. Teknisie aweke INT, inayofika 2.147.483.647, na abadilishe vilevile kwenye tablo ya mapimo.

Mbele ya kurekebisha chochote, mufanye kopi kwanza na muichunge mbali na mashine. Tena, kwenye mkutano mkuu, kila memba alete kadi yake: namba, jina na kilo visomwe mbele yake, kabla ya feza kugawanywa.