Mtoto Anarudi Shule: Je, Nyumbani Tumejiandaa?

Ndugu msomaji, shule zetu hapa Tanzania zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watoto wa msingi na sekondari walirudi madarasani tarehe 29 Juni mwaka huo huo. Miezi mitatu na ushei, na bado wazazi tulilalamika. Wenzetu wa Uganda walifunga mwezi huo huo, wakafungua kwa awamu, wakafunga tena Juni 2021, na milango haikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kiasi hicho. Wanafunzi walioguswa walikuwa milioni 15 hivi.

Si kwamba waliachwa bila masomo. Vipindi vilitangazwa redioni na katika televisheni, masomo yakachapishwa magazetini, na vitabu vya kujisomea vikagawiwa. Lakini wewe uliye na watoto watatu katika chumba kimoja na sebule unajua mambo yalivyo. Redio ni moja, madarasa ni matatu, na baba anataka taarifa ya habari. Gazeti nalo husomwa kwanza na wakubwa, kisha hufungia maandazi. Tena mwalimu wa redioni hamwoni mtoto aliyekwama. Anaendelea tu na somo lake, na mtoto anaona haya kumwuliza mama ambaye naye hajui.

Shule zilipofunguliwa, wanafunzi walipandishwa darasa la juu bila mtihani. Uamuzi huo ulikuwa na huruma ndani yake, kwani nani angependa kumrudisha nyuma kijana aliyekwisha kurefuka? Hata hivyo aliyekuwa akijifunza kuunganisha silabi alijikuta mbele ya vitabu vya wanaojua kusoma. Wengine walikuwa wamekwisha kuonja fedha: wameuza matunda barabarani, wamefyatua matofali. Walimu wa shule za binafsi, waliokatiwa mishahara, baadhi yao walikuwa wakiendesha bodaboda, na si wote waliorejea.

Mzazi, mtoto wa namna hiyo usimpokee kwa kumwuliza amekuwa wa ngapi. Mpe kitabu cha darasa alilotoka, si la alilopandishwa, akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Akigugumia, usimcheke wala usimlinganishe na wa jirani. Nenda kamwone mwalimu, umweleze wazi kitabu kilimshinda wapi, maana mwenye darasa la watoto themanini hawezi kuligundua hilo peke yake kwa wiki moja. Aliyezoea senti za biashara naye asikemewe kana kwamba ameiba. Huenda nyinyi wenyewe mlikula unga wa senti hizo.

Wako pia wasichana waliopata watoto wakati shule zimefungwa. Serikali ya Uganda ilizitaka shule ziwapokee. Hapa kwetu zuio la wasichana hao kurudi katika shule za kawaida liliondolewa Novemba 2021. Mlango wa shule sasa u wazi, lakini saa moja asubuhi mtoto mchanga hulia. Atabaki na nani? Bibi yuko sokoni, shangazi yuko kiwandani. Hilo, ndugu msomaji, haliamuliwi wizarani. Linaamuliwa na wenye nyumba, usiku, kabla sare haijapigwa pasi.