Kanisa Lililogeuka Jumba la Michezo

Twasoma michezo ya Shakespeare darasani, na pengine mtu hudhani kuwa haiwezi kuchezwa ila na mabingwa, katika jumba lililogharimu fedha nyingi. Habari za Maddermarket zaonyesha vingine.

Maddermarket ni jumba katika mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza. Jina lake latokana na mmea wa rangi nyekundu uliouzwa hapo zamani kwa ajili ya kutia nguo rangi, maana mji huo ulikuwa wa wafumaji. Jumba lilijengwa mwaka 1794 kuwa kanisa la Wakatoliki. Walipolihama, likawa mara kiwanda cha unga wa kuumulia keki, mara mahali pa mikutano ya Jeshi la Wokovu.

Mwaka 1921 Bwana Nugent Monck, aliyekuwa na kikundi cha wachezaji tangu 1911, alilitwaa jumba hilo. Hakulibomoa. Dari yake imepinda kama tao, nayo huchukua sauti vizuri. Humo akajenga jukwaa la namna ya zama za Shakespeare, lililotokeza mbele kuelekea watazamaji, na nyuma yake nguzo na roshani. Jukwaa la namna hii halihitaji picha za misitu na majumba. Mchezaji akisema yuko msituni, basi watazamaji nao wako msituni. Onyesho moja likiisha, jingine laanza papo hapo. Hivyo gharama hupungua, na mchezo hauchoshi.

Wachezaji walikuwa watu wa mjini wenye kazi zao za mchana, wakicheza bila mshahara. Majina yao hayakuchapwa katika programu, hata pasiwe mkubwa wala mdogo. Kufikia mwaka 1933 Monck alikuwa amekwisha kuonyesha michezo yote ya Shakespeare.

Nasi hatuna udhuru wa lugha: tangu 1963 tunao mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili, uliofasiriwa na jirani yetu, Mwalimu Julius Nyerere. Wala ninyi mliokwisha kuhitimu msiseme kazi zawazuia.

Kama kwenu kuna ghala au bwalo kuukuu lingojalo kubomolewa, ingieni kwanza wawili. Mmoja asimame mwisho, mwenzake aseme maneno machache mbele. Yakisikika vema, jumba limepatikana. Waliobaki kutafutwa ni wachezaji.