Namna ligandi inafanya metali sita kuwa sumaku moja



Kwa somo la shimi, sisi wa klasi ya mwisho tulibishana sana. Wengine wetu walisema kama sumaku inapata nguvu juu ya wingi wa metali, basi. Hapana. Tutawaonyesha kwa manganezi, metali ambayo inapatikana hata kwetu Kisenge.

Wengi wenu mulishapasua jiwe la radio la zamani. Ule unga mweusi unaochafua mikono ni manganezi pamoja na oksijeni. Manganezi inashika oksijeni, oksijeni inashika manganezi ingine, na vile vile bila mwisho, mpaka inakuwa unga ao jiwe. Ukitaka kikundi cha manganezi sita tu, lazima kitu cha kuizuia. Hicho ndicho ligandi: molekile iliyo na oksijeni ao azoti ya kushikia metali. Ligandi nzuri iko na kazi mbili: kuunganisha metali na jirani yake, tena kufunga milango ingine ili kikundi kisiendelee kukomaa.

Moja inaitwa salisilaldoksimi. Oksijeni yake moja na azoti zinashika manganezi moja. Oksijeni ya pili inanyoosha mkono mpaka kwa manganezi ya jirani. Hivi manganezi tatu zinazunguka oksijeni moja ya katikati, ni pembetatu. Pembetatu mbili zikishikana, tunapata sita.

Sasa sumaku yenyewe. Kila manganezi pale iko na elektroni 4 zisizo na mwenzake, na nguvu yake, ndiyo spini, inahesabiwa 2. Sita mara 2 ni 12, si vile? Lakini walipopima, walipata 4 tu! Ndani ya kila pembetatu zilikuwa kama watu wanaovuta kamba: wawili huku, mmoja kule. Inabaki 2 kwa kila pembetatu.

Kwa chuo kikuu cha Edinburgh, kule Scotland, Euan Brechin na wenzake hawakuongeza hata metali moja. Walibadilisha ligandi: pahali pa hidrojeni moja waliweka kaboni mbili na hidrojeni zake. Kile kinundu hakipati nafasi ya kulala vizuri, basi ligandi inajikunja, na daraja la azoti na oksijeni linajikunja nayo. Daraja likilala sawasawa, njia za elektroni za manganezi mbili zinakutana, na zikikutana zinalazimisha spini kupingana. Likijikunja, njia zinaachana. Kupita digri 31 hivi, spini zote zinaangalia upande mmoja. Mwaka 2007 walitangaza 12 kamili. Sisi tunaopanga mistari kila asubuhi tulizoea kupenda kilichonyooka. Hapa kilichopindika kilishinda!

Msifikiri kama mutaiweka kwa mlango wa kabati. Molekile hii inashika usumaku wake paka kwa baridi ya karibu digri 270 chini ya sifuri, ndani ya heliamu ya maji. Kwa joto la hapa kwetu spini zinageuka-geuka ovyo, na hakuna msumari utakaovutwa.

Mchoro wa pembetatu mbili tumebandika kwa mlango wa labo. Mwenye kuona kosa la hesabu atuambie kisha masomo ya jioni.