"Kioo" Kisicho Ung'avu: Istilahi za Chaji Zilizoganda Bila Mpangilio

Mfasiri anayekutana na dhana ya "kioo cha elektroni" katika kitabu cha fizikia hana budi kusita. Katika Kiswahili, kioo ni cha kujitazamia au cha dirishani. Glasi ni ya kunywea. Maneno yote mawili humwelekeza msomaji kwenye ung'avu, ilhali wanafizikia hawakukusudia ung'avu hata kidogo. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana yenyewe kwanza, kisha kupendekeza istilahi.

Katika fuwele, kama vile ya chumvi, atomu hujipanga safu kwa safu. Katika kioo cha dirisha, atomu zimekaa bila utaratibu, kama zilivyokuwa katika kiowevu, lakini zimenaswa mahali pake. Basi kiini cha dhana ni sifa mbili: kukosa mpangilio na kushindwa kuhama.

Elektroni nazo zaweza kupatwa na hali hiyo. Mwaka 1958 P. W. Anderson alionyesha kwamba, katika maada yenye vurugu ya kutosha, elektroni huweza kunaswa zisisambae. Zikisha kunaswa, huhama kwa kuruka tu kutoka kituo kimoja hadi kingine. Na kwa kuwa chaji za aina moja husukumana hata zikiwa mbali, moja ikiruka hubadilisha nafasi inayozifaa nyingine nyingi. Mipangilio inayokaribia kulingana kwa nishati huwa mingi mno, na kwenye baridi kali mfumo hukwama katika mmojawapo.

Mwaka 1975 A. L. Efros na B. I. Shklovskii walieleza kwamba msukumano huo huacha pengo: karibu na kiwango cha nishati kinachotenga vituo vilivyojaa na vilivyo vitupu, idadi ya vituo hupungua kuelekea sifuri. Tena, majaribio ya utando mwembamba wa oksidi ya indiamu, kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri kamili, yameonyesha kwamba upitishaji wa umeme ukishavurugwa huchukua saa nyingi, hata siku, kurejea kwenye utulivu.

Kwa dhana hii tunapendekeza "mgando holela". Neno "holela" limezoeleka kwa watumishi wa ardhi: makazi holela hayakufuata ramani, lakini nyumba zake hazihami. Sifa zote mbili tulizozitaja zimo. Hivyo twaweza kusema "mgando holela wa elektroni", na kioo cha dirisha kikabaki kuwa mfano mmoja wa mgando holela, si jina la jamii nzima.

Istilahi ya pili yataka uangalifu zaidi. Maji yanapokuwa barafu, badiliko hutokea kwenye halijoto maalumu. Hilo twaliita "mgeuko wa hali". Kioo cha kawaida hakifanyi hivyo: kiowevu kinapopoa huzidi kuwa kizito hata kikashindwa kutiririka, na halijoto ya kukwama hutegemea kasi ya kupozwa. Hilo lifaa kuitwa "kukwama", si "mgeuko". Kuhusu chaji zinazosukumana katika mfumo usio na mpangilio, wataalamu bado wanabishana kama upo mgeuko wa kweli wenye halijoto yake, au ni mwendo unaozidi kuwa wa polepole tu. Mfasiri anayeandika "mgeuko" pasipo sababu huwa ametoa hukumu katika shauri ambalo wenyewe hawajalimaliza, na mwanafunzi atalipokea neno lake kuwa ni ukweli uliothibitishwa.

Tunawaomba basi walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya madarasani na katika miswada yao. Istilahi njema haitoshi kuwa fupi na tamu. Sharti pia isidai zaidi ya yale yanayojulikana.