Ikembe mkononi, ngoma kwenye kago: hesabu ya msafiri wa Rumonge

Mfanyabiashara wa Rumonge anayetaka kumwonyesha mnunuzi wa Nairobi au Ulaya sampuli ya ikembe au indingidi hana uwanja wa ndege jirani. Hupanda gari barabara ya RN3 takriban kilomita 75 hadi Bujumbura, kisha hukatiza mji hadi Uwanja wa Ndege wa Melchior Ndadaye. Wapo pia wanaoelekea kusini, wakavuka mpaka wa Mugina na Manyovu hadi Kigoma ili kuchukua ndege ya Dar es Salaam. Kwa njia yoyote, swali ni hili: chombo kitakaa na mwenyewe ndani, au kitashushwa kwenye mizigo ya chini?

Wengi husoma masharti ya ndege kubwa ya safari ndefu na kusahau ile ya kwanza. Hilo ni kosa la hesabu. Ethiopian Airlines, kwa mfano, humruhusu abiria wa daraja la kawaida begi moja la mkononi la kilo 7, lisilozidi sentimita 55 kwa 40 kwa 23. Ikembe inaingia humo na nafasi inabaki. Inanga, ambayo hukaribia mita moja, haiingii. Lakini anayekwenda London kupitia Entebbe kwa Uganda Airlines huenda akaanza safari na CRJ900, ndege ambayo makabati yake ya juu ya viti ni madogo, na begi linaloonekana la kawaida kwenye Airbus A330 huko linachukuliwa mlangoni na kuwekwa chini. Pima chombo kwa kabati la ndege ndogo kuliko zote utakazopanda, si kwa ile kubwa.

Marekani ina sheria ya jambo hili. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2015 zinayataka mashirika ya nchi hiyo yakubali ala ndogo ndani ya ndege iwapo nafasi ipo wakati wa kupanda, bila ada zaidi ya ile ya begi la kawaida la mkononi. Mashirika ya kwetu hayafungwi na kanuni hizo, hivyo uliza kabla ya kulipia tiketi na uombe jibu kwa maandishi. Kwa ala ndefu, mashirika mengi huuza kiti cha ziada.

Kwenye eksirei, vyuma vya ikembe huonekana kama safu ya vipande visivyoeleweka. Itoe kwenye begi, ipige kidogo ukiulizwa. Hakuna maelezo mafupi kuliko hayo. Nyundo ya kusogezea vyuma iende kwenye mzigo wa chini.

Tofauti kubwa iko kwenye fidia. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, kwa safari zinazohusika nao, shirika huwajibika kwa mzigo uliokabidhiwa hata kama halikuzembea, isipokuwa uharibifu umetokana na kasoro ya kitu chenyewe. Kwa mzigo wa mkononi ni lazima uthibitishe kwamba kosa ni lao. Kiwango cha juu, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 1,519, zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani. Anayebeba chenye thamani zaidi anaweza kuitangaza na kulipa ada kabla ya kukabidhi. Malalamiko ya mzigo wa chini ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Forodhani, ikembe moja ni mali ya msafiri. Kumi na mbili zilizofungwa pamoja ni bidhaa, hata zikiwa kwenye begi la mkononi, na hapo utahitaji ankara na pengine cheti cha uasili. Ukitoka na chombo cha kurudi nacho, waonyeshe maofisa wa OBR kabla ya kuondoka na uchukue karatasi, usije ukatozwa ushuru kwa kitu chako mwenyewe.

Angalia na malighafi. Vinanda vya uzi mmoja vya ukanda huu wakati mwingine hufunikwa ngozi ya kenge, na kenge wote wamo kwenye orodha za CITES, ambayo Burundi ni mwanachama wake tangu 1988. Bila kibali, chombo kinaweza kutaifishwa ugenini. Agiza ya ngozi ya mbuzi. Mpingo nao uliingizwa kwenye orodha hizo Januari 2017, ila tangu Novemba 26, 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa. Magogo na mbao hazimo kwenye msamaha huo.

Ngoma kubwa ya Burundi, ambayo uchezaji wake uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2014, haina mjadala: ni kago, chini ya namba ya forodha 9206. Na anayesafirisha wapigaji pamoja na ngoma akumbuke amri ya rais ya Oktoba 2017, inayotaka vikundi visajiliwe na maonyesho yaombewe ruhusa. Ruhusa hiyo iombwe kabla ya kulipia nafasi ya kago.