MIZIZI NDANI YA MABOMBA: TUSIULAUMU MTI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni maji taka. Nitaeleza jinsi mizizi ya miti inavyoziba mabomba ya nyumbani na namna ya kuiondoa.

Huku kwetu Mwala mti haukui kwa bahati. Mvua zetu ni mbili, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba, na hapo katikati jua huwaka kweli kweli. Mti uliofikia kutoa kivuli uani umenyweshwa maji yaliyobebwa kwa punda au mgongoni. Ndiyo maana husikitika nikisikia mtu akisema ati mti ukatwe kwa sababu umeziba choo. Je, kosa ni la mti?

Mizizi huingiaje?

Wengi hudhani mzizi hutoboa bomba kama msumari. Siyo hivyo. Bomba zima lisilovuja mzizi huligusa ukapita. Lakini likiwa na ufa, au kiungo chake kikiwa kimelegea, unyevu hutoka na kulowesha udongo wa hapo karibu. Mizizi hukua kuelekea penye unyevu, na wakati wa kiangazi huenda pale ndipo mahali pekee penye maji uani. Kimzizi chembamba kama unywele hupenya. Humo ndani hukuta maji, hewa na mbolea, basi hustawi na kutanuka hadi kufanana na ufagio. Ufagio huo hunasa mafuta, nywele, karatasi na mabaki ya muthokoi, mwishowe njia hufungika. Mzizi nao ukinenepa huupanua ule ufa.

Mabomba ya zamani ya udongo au ya saruji, yenye viungo vingi vifupi, ndiyo huathirika zaidi. Miti inayosumbua sana ni ile yenye kiu kubwa kama mikuyu na mikaratusi. Mkaratusi ni mgeni aliyeletwa Kenya mwaka wa 1902 ili kutoa kuni za reli ya Uganda. Mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na kwenye chemchemi kwa sababu ya unywaji wake wa maji. Kama mto huuogopa, bomba lako je?

Dalili zake

Kwanza, maji ya sinki huenda polepole hata baada ya kusafishwa. Pili, choo cha kuvuta maji hutoa sauti ya kububujika. Tatu, harufu mbaya hutanda uani. Nne, na hii ichunguzeni sana mwezi wa Agosti, nyasi zote zimekauka lakini kuna mstari mmoja wa nyasi za kijani kibichi. Hapo chini bomba linavuja.

Jinsi ya kuiondoa

1. Tafuta mahali penyewe. Funua mashimo ya ukaguzi. Shimo la juu likiwa limejaa na la chini ni kavu, basi kizuizi kiko katikati yao.

2. Kata mizizi. Fundi wa mabomba hutumia fimbo ndefu zinazounganishwa, zenye kichwa cha kukatia. Huzizungusha upande mmoja tu, kama mtu anayekaza skrubu. Akizirudisha nyuma zitafunguka na kubaki ndani, na hapo ni taabu juu ya taabu.

3. Rekebisha bomba. Hii ndiyo kazi yenyewe! Mizizi iliyokatwa huchipuka tena ikiwa ufa umeachwa. Chimba, toa kipande kibovu, weka bomba la plastiki lenye viungo vilivyokazwa vizuri, kisha pitisha maji kuona kama linavuja kabla ya kufukia.

Wengine humwaga mrututu, ile dawa ya buluu. Ni kweli huua mizizi inayoguswa nayo, lakini hauzibi ufa. Tena ni sumu kwa samaki, na ukizidi huua vijidudu vinavyoozesha uchafu ndani ya tangi. Usiutumie karibu na kisima. Petroli nayo ni hatari tupu, kwa maana mvuke wake unaweza kulipuka. Wala mtu asiingie ndani ya tangi au shimo la maji taka. Mna gesi inayonuka kama yai viza, na ikizidi pua haiisikii tena, mtu huanguka na kufa. Aliyeshika kazi hii avae glavu na anawe kwa sabuni.

Kukata mti peke yake hakusaidii. Jirani yetu mmoja aliukata mkaratusi wake. Mvua iliponyesha kisiki kikachipuka, na baadaye choo kikaziba tena. Fundi alipochimba alikuta kiungo ambacho hakikuwa kimezibwa sawasawa tangu nyumba ijengwe. Kivuli kimekwenda, na shida ilibaki pale pale.

Kinga

Nyumba nyingi za huku hutegemea tangi lililochimbwa uani, siyo mfereji mkuu wa mji. Maji taka yakifurika hutiririka mahali watoto wanapochezea, na yakifika kisimani huweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa hivyo tujue mabomba yamepita wapi kabla ya kupanda. Mti mkubwa uwe mbali nayo, angalau sawa na urefu utakaofikia. Karibu na nyumba tupande mipapai au maua.

Wenzangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzizi haukutuletea ufa, umetuonyesha tu ulipo. Mtu akishika shoka nyumbani kwenu, mwambieni aanze na jembe achimbue bomba.